Aliyemtaja Ildefonce

Wiki ile ya Oktoba 1999 redio zilipiga nyimbo za maombolezo kutwa nzima, na katika kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, karibu na Tarakea wanaume hawakuwa na mazungumzo mengine. Mwalimu Nyerere amefariki. Basi nani zaidi, yeye au Mzee Mwinyi aliyempokea urais?

"Mwalimu alitusomesha bure," alisema Filemon, fundi viatu. "Akatufanya watu wamoja. Enzi zake nani alikuuliza kabila?"

"Tulikuwa wamoja kwenye foleni ya sukari," mwenzake akamjibu. "Mwinyi, Mzee Ruksa, ndiye aliyefungua maduka. Kabla yake si ulifulia majani ya mpapai?"

"Na rushwa je, hakuifungulia mlango?"

Wakacheka. Filemon akamgeukia mzee aliyekaa pembeni. "Mzee Remigius, wewe ulikuwa balozi wa nyumba kumi. Tuamulie."

Remigius alifungua mdomo. Hapo hapo akasikia mtu akikohoa nyuma yake, kikohozi kikavu, mara mbili, kama cha mdogo wake Ildefonce. Hakugeuka. Ildefonce alikuwa na miaka kumi na mitano kaburini. Akaweka kata yake ya pombe chini, akaondoka bila kuaga.

Mwaka 1983, serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, mabalozi waliambiwa wawataje wanaoficha bidhaa. Ildefonce alikuwa amevuka mpaka wa Kenya na kahawa kidogo, akarudi na miche kumi na miwili ya sabuni, akaifukia chini ya majani ya ng'ombe. Remigius hakuwa mnafiki. Aliamini kabisa kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaoitafuna nchi, na kwamba balozi anayemficha ndugu yake ni mwongo mbele ya Mungu. Akaenda, akamtaja. Ildefonce alianza kukohoa gerezani, na mwaka uliofuata akarudishwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, ndani ya sanduku. Haukupita muda rais akabadilika, na sabuni ileile ikawa inapangwa sokoni mchana kweupe, askari wakiinunua. Siku ya kwanza kuiona, Remigius aliondoka sokoni bila kununua kitu.

Kutoka kilabuni hakwenda kwake. Alikata jani la isale, ambalo Mchagga hulipeleka kuomba msamaha kwa mtu aliyemkosea, akaenda kwa Salvina, mjane wa mdogo wake. Alimkuta uani akimenya ndizi.

"Shikamoo, shemeji," Salvina alisema. Kisha akaliona jani. "Nani kakosa?"

"Mimi. Ni mimi niliyemtaja Ildefonce."

Kisu kikasimama.

"Miaka yote hii simsalimii Theodora, nikidhani ni yeye," Salvina alisema polepole. Theodora alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya mfereji. "Nilimwambia mbele ya kanisa kwamba ana damu ya mume wangu. Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Serikali ndiyo iliyosema tuwataje, shemeji. Mwalimu mwenyewe alisema. Huyu wa pili angewahi kuja, Ildefonce angekuwa hai."

"Usiniletee marais hapa. Wao hawakumjua Ildefonce. Ninyi mlinyonya ziwa moja."

Akalipokea lile jani, maana isale haikataliwi. Lakini hakumwambia akae. "Nimepokea. Sasa twende kwa Theodora, ukamwambie kwa mdomo wako."

Salvina alitangulia. Theodora, bibi mwenye mtoto wa jicho, alimsikiliza Remigius mlangoni mpaka mwisho. Salvina akapiga magoti kwenye tope. Theodora akapapasa, akamshika mabega, akamwinua, wakalia pamoja, kisha wakaingia ndani. Hakuna aliyemfukuza Remigius. Hakuna aliyemkaribisha pia.

Akarudi kupitia migombani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, ingawa bado ilikuwa alasiri. Katikati ya kihamba akasikia hatua za miguu nyuma yake, za mtu aliyebeba kitu kizito, kama miche ya sabuni. Akajibanza kwenye mgomba kumpisha.

"Pita," alisema.

Akasubiri sana. Hakuna aliyepita.