Mikono Miwili ya Kushoto

Bwana harusi alipolijaribu koti lake, mkono wa kulia ulipinda kuelekea mgongoni kana kwamba unataka kujikuna. Fundi alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto. Alisahau kugeuza karatasi ya kukatia, na hata alipopiga pasi hakuona kasoro.

Bintiye, anayeshona naye, aliufungia mkasi kabatini.

"Baba, wewe utabandika vifungo."

"Vifungo? Kwenye karakana yangu?"

"Mpaka daktari aseme."

Daktari alimpa maneno ya kukumbuka, akamchoresha saa, kisha akaanza maswali. Mke wa fundi alikaa kando kama shahidi wa upande wa mashtaka.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Niliacha."

"Aliacha kuvutia chumbani," mke akasema.

"Mazoezi?"

"Nakanyaga cherehani kutwa."

"Cherehani ina mota, daktari."

"Chumvi?"

"Kiasi."

"Anaonja chumvi kwa mboga."

"Usingizi je?"

"Nalala fofofo."

"Yeye ndiyo. Kwa ule mkoromo, majirani hawalali."

Daktari alieleza kwamba kumbukumbu imepungua kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Wengine huendelea kupoteza, wengine hubaki hapo, wengine hupata nafuu. Presha ilikuwa juu, nayo huumiza mishipa midogo ya ubongo. Sigara na kukaa kitako huongeza hatari. Mkoromo nao ungechunguzwa.

"Na mkasi wangu?"

"Kazi inayochangamsha akili msimnyime. Akate, ila mtu amkague kwanza."

Mke alicheka mpaka daktari akamfunga na yeye mkanda wa kupimia presha. Yake ilizidi ya mumewe.

"Mashine mbovu hiyo!"

"Kwangu ilikuwa nzima, mama watoto," fundi akasema kwa upole mkubwa.

Sasa wote wawili wanameza dawa na kutembea kila asubuhi, kila mmoja akimlinda mwenzake asidanganye.

Siku mkasi uliporudi, fundi alikata mkono wa kwanza, akageuza karatasi, akachora kwa chaki, akaita. Binti alikagua, akatikisa kichwa kukubali. Mkasi ukaingia kwenye kitambaa.

"Baba watoto, twende tukatembee!" mke aliita kutoka mlangoni.

"Si tumeshatembea?"

"Lini?"

Fundi aliuweka mkasi chini. Walitazamana, hakuna aliyethubutu kuapa.

"Viatu vyenu vina vumbi jipya," binti alisema bila kuinua macho. "Mmetembea. Baba, kata."