Kadi za Mama Kufuli

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye barua ya ajira tu. Wanafunzi walimwita Mama Kufuli, kwa sababu alitembea na shada la funguo kiunoni lililomtangulia kwa kelele, hata waliokuwa wakivuta sigara nyuma ya maliwato walipata muda wa kuvuta ya mwisho kwa raha zao. Alikuwa mkuu wa ulinzi wa chuo kidogo cha bweni: wanafunzi mia mbili na ushee, mabweni mawili, lango moja, na ua wenye matundu ambayo kila mwanafunzi aliyajua kuliko masomo yake.

Kabla ya hapo alikuwa askari magereza kwa miaka kumi na minane. Huko aliwasikiliza wezi wenyewe wakisimulia, akatoka na elimu moja: mwizi hajisumbui kuvunja mlango unaosukumika. Basi alipofika chuoni akaanza kuisukuma milango. Kila asubuhi, watu wakiwa bafuni au bwaloni, alipita chumba hadi chumba. Bweni la wavulana alibisha hodi kwanza, kwa adabu, kisha akasukuma. Uliofunguka, aliingia, akachukua kitu kimoja, redio au pasi au kiatu cha mguu wa kushoto, akaacha juu ya mto kadi ya njano yenye muhuri wake: "Mlango ulikuwa wazi. Nimepita. Njoo ofisini."

Ukienda ofisini ulirudishiwa chako, hilo halikuwa na taabu. Taabu ilikuwa hotuba. Ulikalishwa kwenye benchi lisilo na egemeo, ukahutubiwa saa nzima kwa saa ya ukutani. Hotuba ilianza na komeo, ikaja kitasa, ikapanda kwenye kufuli na aina zake, ikahamia madirishani ikakaa huko kama mgeni asiyejua kuaga, halafu ndipo ikaingia kwenye tabia za mwizi na tabia za mzembe, na mzembe ndiye aliyesemwa vibaya zaidi. Kijana mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kuomba redio yake ibaki huko huko, yeye aende zake. Alikataliwa, na hotuba ikaanza upya.

Muhula wa pili ulipofika katikati, milango ikawa haifunguki. Mama Kufuli alisukuma wiki nzima, akasukuma na ya pili, ikamgomea. Alijisifu, jamani, tufiche nini? Alipita bwaloni kifua mbele, akampigia simu kaka yake kumweleza kwamba chuo kizima sasa kimeiva, na kwamba binti yake, aliyekuwa mwaka wa kwanza hapo hapo, analala mahali salama kuliko benki. Kaka akafurahi. Siku ya kumleta mwanawe alimwachia dada yake neno moja tu, "Mtazame," na neno hilo Mama Kufuli alilibeba kuliko funguo zote.

Jumatatu moja, kwenye kikao cha wafanyakazi, mkutubi akamsogelea kabla watu hawajaketi.

"Mama, nirudishie tu birika langu la umeme. Hotuba nitakuja kuisikiliza nikipata nafasi. Wiki ya tatu hii nakunywa chai ya baridi."

"Birika gani?"

"Si ulilichukua? Kadi yako ninayo."

Akaitoa. Njano, muhuri wake, mwandiko wake. Mama Kufuli hajakaa sawa, mwalimu wa hesabu naye akaulizia koti lake la suti. Kisha patroni wa bweni la wavulana akasema huko kwake ndiko kuna msiba hasa: pasi nne, redio mbili, mashuka, na ndala ambazo hakuna anayejua hesabu yake, na kila kimoja kimeachiwa kadi. Watu wote hao walikaa kimya wiki tatu kwa sababu moja ambayo hakuna aliyethubutu kuisema mbele yake. Afadhali kukosa pasi kuliko kukaa kwenye benchi lile.

"Kikulacho ki nguoni mwako," patroni akasema, macho darini. "Mimi nilisema toka mwanzo. Mtu anayeingia vyumbani mwa watu na kutoka na vitu vyao ana jina lake."

Mkuu wa chuo, mtu mpole asiyependa kelele, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Mama, mimi sitaki kuamini. Lakini nakupa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Ama vitu vionekane, ama uniletee funguo."

Maneno yale yalimchoma. Miaka kumi na minane katikati ya wezi hakuwahi kutoka hata na sindano ya mtu, leo aitwe mwizi wa ndala. Alipekua stoo, akapekua lango, akawauliza walinzi wake mmoja mmoja mpaka wakaanza kumkwepa. Hakupata hata kijiti. Kilichomuumiza zaidi ni simu ya kaka yake. Atamwambia nini? Kwamba mahali salama kuliko benki, mwizi wake ni dada yako?

Ijumaa alasiri binti wa kaka yake akaja kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya jiko la chuo. Alipakuliwa chakula, akawa anakizungusha tu kwenye sahani. Mtoto yule hakuwa na desturi ya kuchezea sahani ya shangazi yake.

"Shangazi, hakuna mwizi."

"Kwa hiyo ndala zimetembea zenyewe?"

"Zinaazimwa." Binti akaweka kijiko chini. "Unajua, mtu ukimwomba pasi anakunyima. Ukichukua bila kuomba, ugomvi. Lakini ukichukua ukaacha kadi yako, mwenyewe anaguna tu, anasema Mama Kufuli kapita, nitaenda kesho. Kesho yenyewe haendi, anaogopa hotuba. Basi wewe unapiga pasi wiki tatu kwa amani. Na yeye akitaka pasi, anachukua ya mwingine, anaacha kadi."

"Lakini milango mbona imefungwa? Nimeisukuma mwenyewe."

"Milango tunafunga, shangazi. Tunachukuliana humo humo ndani."

Mama Kufuli alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Akakimeza.

"Na wewe je?"

"Mimi nina blanketi la mtu. Na mtu ana viatu vyangu."

"Kadi mmezipata wapi?"

Hapo binti akakishika tena kijiko.

"Drooni kwako. Siku ile unamhutubia yule kijana wa redio. Nilipokuja kukusalimia nikasikia umefika madirishani, nikajua nina muda. Nikachukua bunda zima, umeshaziandika na kuzipiga muhuri. Niliona ni utani tu, shangazi, mwanzo tulikuwa watatu, kisha kadi zikazunguka chuo kizima."

"Ile droo huwa naifunga."

"Hukuifunga. Nilivuta tu."

Mama Kufuli akakumbuka. Ni kweli. Kabati la funguo za akiba alilitia kufuli mbili, hata kopo la sukari lilikuwa na yake ndogo. Lakini ile droo, alijiambia siku zote, nani ataiba karatasi?

Akakaa akizipekecha funguo zake. Akimpelekea mkuu wa chuo habari hii, swali la kwanza litakuwa kadi zimetoka kwa nani, na binti atafukuzwa kabla ya jua kuzama. Akinyamaza, yeye ndiye atakayetoka, na jina la mwizi mgongoni. Wa kufukuzwa akiwa mmoja atafukuzwa. Wakiwa wote je? Akatabasamu, na waliowahi kuliona tabasamu lile wanajua halikuwa la heri.

"Kula, urudi bwenini. Usimwambie mtu. Na kesho blanketi lile usiliache mbali."

Jumamosi saa nne asubuhi chuo kilikuwa kwenye shughuli zake za Jumamosi. Wengine wanafua, wengine wanapiga pasi, redio zinashindana dirisha kwa dirisha. Mama Kufuli alimwomba mkuu wa chuo asimame naye uwanjani, akawaita na walimu. "Nimesema vitu vitaonekana," aliwaambia, "na mimi si mtu wa kuchelewesha." Kisha akaenda ukutani akapiga kengele ya moto.

Sheria ya kengele aliwafundisha mwenyewe: ikilia, toka na roho yako tu, vitu vitabaki. Lakini alimjua binadamu. Hakuna anayekimbia moto akaacha alichokishika, hasa kikiwa si chake. Wakamiminika kutoka mabwenini kama maharage kwenye gunia lililopasuka. Mmoja amefunga taulo na kukumbatia redio. Mwingine anaburuta waya wa pasi. Mwingine ametinga koti la suti juu ya kaptula ya kulalia, na mwalimu wa hesabu akasogea mbele kulitazama vizuri. Binti wa kaka alitoka na blanketi kichwani kama mwali.

Walipopanga mistari, kwanza walitafuta moshi. Moshi haupo. Ndipo wakaanza kutazamana.

"We, hiyo si pasi yangu?"

"Na ndala ulizovaa je? Zangu hizo, nimezishona mwenyewe kwa uzi mwekundu."

"Mimi nilidhani shuka langu liko kwa Mama Kufuli."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo."

Kila aliyenyoosha kidole alikuta naye ananyooshewa. Mtu alivuliwa viatu, aliyemvua akavuliwa koti, mwenye koti akadaiwa beseni. Wa mwisho kutoka alikuwa patroni. Alikuja mbio kutoka nyumbani kwake, amenyoosha mkono mbele ili asijiunguze, na mkononi birika la umeme linafuka mvuke. Mkutubi alilitambua birika kabla hajamtambua aliyelibeba.

"Niliogopa litaungua," patroni akasema.

"Lingeungulia wapi?" mkutubi akamuuliza. "Kwangu au kwako?"

Patroni akalitua birika kwenye nyasi taratibu sana. Mkuu wa chuo alitaka kukasirika, lakini amkasirikie nani? Angeamua kufukuza, angebaki akiyafundisha madawati. Akacheka mpaka akalazimika kuishika miwani. Mama Kufuli alihisi kitu kizito kikimshuka kifuani. Jina lake lilikuwa limerudi, mbele ya watu mia mbili, na waliolirudisha ni wao wenyewe kwa mikono na miguu yao. Sasa alitamani sana watu watawanyike.

"Mama, nakuomba radhi," mkuu wa chuo akasema. "Nimekukosea. Lakini kuna moja limebaki. Kadi zina muhuri wako. Nani aliwapa?"

Waliojua waliangalia nyasi. Binti wa kaka akajifunika blanketi mpaka puani, na macho yaliyobaki nje yalikuwa yamejaa maji. Mama Kufuli alimwona, akaona na sura ya kaka yake ndani ya yale macho. Angeweza kusema hajui. Nani angemlazimisha? Lakini angesema hajui, watu wangeanza kutafuta.

"Hakuna aliyewapa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa nyuma. "Zilikuwa kwenye droo ya ofisi yangu. Sikuifunga. Msitafute mtu, mzembe ni mimi."

Kisha sauti ikatoka mstari wa kati, na haikuwa na haja ya kupanda juu.

"Ahutubiwe."

Walicheka mpaka walimu wakacheka. Mkuu wa chuo akainua mkono.

"Funguo baki nazo, mama. Lakini mwosha naye huoshwa. Leteni benchi."

Likaletwa lile lile lisilo na egemeo, akakalishwa katikati ya uwanja. Alidhani watashindwa, wataropoka mawili matatu wachoke. Kumbe walikuwa nayo yote. Kijana wa redio alianza na komeo, msichana mmoja akachukua kitasa, mkutubi mwenyewe akajitokeza kwa kufuli na aina zake. Maneno yake yalimrudia moja baada ya jingine, na kile kikohozi alichozoea kukitia katikati, kila mara mahali pake. Kwanza aliona aibu. Kisha ikamjia fahari, maana miaka yote aliamini anaongea na ukuta. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba hotuba ile ilikuwa ndefu kupita kiasi.

"Hapo kwenye madirisha," akasema kwa sauti ya chini, "mnaweza kuruka."

Binti wa kaka yake akatoka kwenye mstari, bila blanketi, macho mekundu kwa kulia. Akamtazama shangazi yake, akapangusa pua kwa kiganja, akaanza na dirisha la kwanza.