Raba za Siku ya Kliniki

Kwa miezi mitano sikuviona viatu vya mama. Nasema sikuviona, ingawa kila Jumanne na kila Ijumaa niliinama mbele yake, nikamshika kifundo cha mguu na kuuingiza mguu mmoja baada ya mwingine ndani ya gari, macho yangu yakiwa shubiri moja tu kutoka kwenye viatu vyenyewe. Vilikuwa raba za turubai, za kamba, nyayo zake nene. Viatu vyake vya ngozi nyeusi, ambavyo alivivaa hata akienda dukani kununua chumvi, vilibaki chini ya kitanda. Nikadhani ni uzee; mtu akizeeka, niliwaza, huuacha urembo kwa ajili ya raha. Sikuuliza. Na kwa mtu anayelipwa mshahara kufundisha takwimu, yaani ufundi wa kuyaona yanayojirudia, kutouliza huko hakuna udhuru.

Gari nililinunua kwa ajili yake. Figo zake zilikuwa zimechoka, na daktari alikuwa ameagiza damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki. Nafasi yake ilianza saa moja kamili asubuhi. Mgonjwa asiyefika hadi saa moja na robo, mashine yake hupewa mwingine, naye hurudi nyumbani na sumu yake mwilini kungoja siku nyingine. Mama aliwahi kuikosa nafasi hiyo mara moja, tulipokuwa tukitegemea magari ya kukodi. Kesho yake miguu ilivimba mpaka ngozi ikang'aa, na usiku alilala ameketi kwa sababu pumzi haikumtosha. Niliapa kwamba haitatokea tena.

Marehemu baba alikuwa dereva wa mkurugenzi. Kwa miaka kumi na saba aliendesha gari refu jeusi la aina hiyo hiyo, lenye viti vya ngozi na mlango unaojifunga kwa mnong'ono, na mama hakuwahi hata siku moja kukaa kiti chake cha nyuma. Basi nilipoliona jingine la namna ile kwenye uwanja wa muuzaji, limekwisha kutembea kilomita laki mbili na elfu themanini na sita, bei yake imeshuka hadi kulingana na ya kigari kidogo cha kawaida, moyo wangu ulitangulia na akili ikafuata nyuma ikihema.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mpole wa mikono na mkali wa ulimi. Wateja wake walimwita Profesa. Mimi, ambaye bado ni mhadhiri wa kawaida, aliniita Mwalimu.

"Mwalimu, umeoa binti wa mfalme aliyezeeka," aliniambia siku ya kwanza, akitoa kichwa chini ya gari. "Uzuri umepungua, lakini mapochopocho anayotaka ni yale yale."

"Maana yake nini?"

"Maana yake bei ya gari huzeeka. Bei ya vipuri haizeeki."

Nilicheka. Baadaye niliacha kucheka.

Gari lile halikuwa na springi kama magari ya watu wengine. Lilikaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa. Mfuko wa nyuma kushoto ulikuwa umechoka, ukavuja taratibu, hivi kwamba kila asubuhi nililikuta limeinama upande mmoja. Nikiwasha injini, pampu ilinguruma na gari likainuka pole pole, nyuma kwanza, kisha mbele. Mama akalipa jina la Ngamia, na alisema linamfaa, maana likiwa limepiga magoti halimpi shida kupanda. Tulibadilisha mfuko. Mwezi uliofuata ikafa pampu, kwa sababu ilikuwa imejichosha kuujaza mfuko uliotoboka. Kisha kioo cha mlango kikakataa kupanda, siku ya mvua, nami nikaendesha kazini bega moja limelowa. Kipuri kimoja kilichukua wiki tatu kufika, na kilipofika kikawa cha upande wa kulia.

"Si kosa lako, Profesa," nilimwambia.

"Wala si lako, Mwalimu. Kosa ni la aliyeliuza akiwa na afya njema."

Halafu zikaja taa. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa kumi na kitu za rangi ya machungwa, na haikupita siku bila mojawapo kuwaka. Taa ya hewa, taa ya breki, taa ya maji ya kupozea injini. Hii ya maji iliwaka mara nne katika mwezi mmoja, na mara zote nne fundi alifungua boneti, akatazama, akafunga. "Maji yapo. Ni sensa tu imeanza kuota ndoto. Nikupe mpya?" Akataja bei yake. Nikasema tungoje mwisho wa mwezi.

Mama alikuwa akiziona taa zile kutoka kiti cha nyuma, kati ya viti viwili vya mbele. Kwenye kioo niliona shingo na mabega yake yakikakamaa. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo labda ni mtu wa kazi yangu tu angeweza kulifanya. Katika idara yetu, kabla ya kusahihisha mitihani, tunabandika kijikaratasi cheupe chenye gundi juu ya jina la mtahiniwa, ili msahihishaji asiathiriwe na anayoyajua. Nilikuwa na bunda zima la vijikaratasi hivyo mkobani. Alhamisi moja jioni niliketi ndani ya gari na kuzibandika taa zote za machungwa, moja moja, kwa unadhifu. Nilijiambia kwamba taa zinazosema uongo huharibu hukumu. Nilijiona nimetenda haki.

Mama alipopanda kesho yake alivitazama vijikaratasi vile kwa muda.

"Umelifanyia mtihani?" aliuliza.

"Nimelinyamazisha, mama. Ukae kwa amani."

"Haya, baba," alisema, akainama kukaza kamba za raba zake.

Kulikuwa na mambo mengine mawili ambayo yangenipa jibu. Mama alishikilia tutoke saa kumi na mbili na dakika kumi kamili, si kabla wala baada, ilhali hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano. Tena alikataa barabara kuu mpya, akataka tupite ile ya zamani inayozunguka shule, yenye mashimo. "Nimeizoea," alisema. Nilimkubalia kama mtu anavyomkubalia mzazi mgonjwa matakwa yake madogo, na nikasifu uvumilivu wangu kimoyomoyo.

Ijumaa ya tatu baada ya vijikaratasi, tulikuwa tumeipita shule na kufika mlimani nilipoona mshale wa joto umekwisha kupita nusu, nao haukusimama. Nikanusa harufu tamu, kama ya sukari inayoungua. Mvuke mweupe ukatoka pembeni mwa boneti. Injini ikagonga mara mbili, ikazima, na usukani ukawa mzito kama jiwe mikononi mwangu. Nililiacha liteleze kwa mteremko hadi kando. Kisha, kwa kuwa injini haikuwa ikifanya kazi, Ngamia akaanza kushuka. Akapiga magoti pale pale, taratibu, kwa mlio wa pumzi ndefu, mama akiwa ndani.

Nilibandua kijikaratasi. Taa ya maji ilikuwa ikiwaka. Sijui ilikuwa imewaka tangu lini.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili. Simu ya kwanza niliyopiga ya teksi haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa na mtu aliyekuwa bado amelala. Niliona miguu ile iliyong'aa, niliona mama ameketi kitandani akiitafuta pumzi, na nikaanza kusema maneno yasiyo na mpangilio juu ya kumbeba mgongoni.

"Acha kelele," mama alisema. "Nishushe."

"Mama, huwezi kutembea mpaka hospitali."

"Nani amesema hospitali? Mpaka pale kwenye nguzo. Hapa kwenye kona hataweza kusimama."

"Nani hataweza?"

Alikwishatoa miguu nje, raba zake zimegusa lami, mkoba wake begani. Tulitembea hatua zipatazo sitini. Alinishika mkono, nami nikaufuata mwendo wake. Tulipofika kwenye nguzo, gari dogo la kusambaza mikate lilichomoza kutoka nyuma ya shule, likawasha taa ya pembeni, likasimama mbele yetu kama lililoagizwa. Muuza mikate alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu mzima mwenye tumbo na sauti kubwa.

"Shikamoo, mama! Leo ndiyo siku yenyewe?"

"Marahaba. Ndiyo leo."

"Mwezi wa tano huu nawafuata," aliniambia, akihamisha kreti ili nikae. "Nilianza kufikiri hilo gari lako limeokoka. Mama yako akaniambia, ningoje tu, halijatubu."

Hakukuwa na mzaha uliowahi kunichoma hivyo. Nilikaa nyuma, kati ya mikate ya moto, na ndipo nilipoyaona yote kwa mpigo mmoja: saa ile, barabara ile, viatu vile. Mama alikuwa ameipanga safari yetu ndani ya safari ya mtu mwingine aliyeaminika. Tulitangulia dakika kumi mbele ya gari la mikate kila siku ya kliniki, ili siku tutakapokwama, atukute.

Tuliingia kliniki saa moja kasoro dakika mbili. Muuguzi alitazama saa ya ukutani, akatazama unga wa mkate kwenye koti langu, akasema, "Mmekuja na kifungua kinywa?" na kumwelekeza mama kwenye mashine yake.

Sindano zilipokwisha kuingia na damu ikaanza kuzunguka ndani ya mirija, nilivuta kiti.

"Ulianza lini, mama?"

"Wiki ya pili. Liliposhuka upande mmoja mbele ya kanisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa ukinifungulia mlango kama mtu anayefungua zawadi."

Nilimweleza habari za kiti cha nyuma, cha miaka kumi na saba, na jinsi nilivyotaka na yeye akikalie angalau mara moja. Alifumba macho.

"Nani alikuambia nilikitamani?" aliuliza. "Baba yako aliliosha gari, mimi nikamfulia nguo za grisi. Likizima, mkurugenzi anashuka na kuchukua teksi, baba yako anabaki nalo jua lote. Raba zake za kwenda kutafuta fundi kwa miguu zilikaa ndani ya buti la gari siku zote. Na lile lilikuwa jipya, mwanangu."

Nilitazama miguu yake mwishoni mwa kitanda. "Hizi ni zake?"

"Zake zilikuwa kubwa. Hizi nilinunua."

Alasiri ile fundi aliniita gereji. Bomba dogo la plastiki, lisilozidi kidole changu, lilikuwa limekauka kwa uzee na kupasuka. Maji yalikuwa yakipungua kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kichwa cha injini sasa kilikuwa kimepinda. Hakunitania. Alishika kijikaratasi kimoja nilichosahau kukibandua, akakigeuzageuza kidoleni, akakirudisha mkononi mwangu.

Nilimwachia gari alivunje, auze kilichobaki kizima. Kwa pesa zilizopatikana, na nyingine nilizoweka akiba kwa miezi miwili bila kununua kipuri, nilinunua kigari kidogo cheupe ambacho kila fundi mjini anakijua na ambacho hakuna mtu anayegeuka kukitazama. Kina kelele, na mama hugonga goti akipanda. Taa zake zote ziko wazi, na ikiwaka moja nasimama. Tunapita barabara kuu. Siku za kliniki tunatoka saa kumi na mbili na nusu, na mama huvaa viatu vyake vya ngozi.