Picha Dhidi ya Jua

Pale studio walimwita Kinyume. Fundi aliwafunza wote jambo moja: jua likae mgongoni mwa mpiga picha. Yeye alilikabili uso kwa uso, tena amelala kifudifudi, akipiga maua ya porini yaliyojiotea nyuma ya nyumba yao.

"Kinyume, hapa umepiga ua au umepiga moto?" fundi humtania.

"Moto, bosi. Mteja wangu ndio autakao."

Mteja mwenyewe alikuwa mama yake. Macho ya mama yalikuwa yakififia tangu mwaka jana, daktari alishanyoosha mikono, na kilichobaki kumfikia ni kitu chenye mwanga nyuma yake. Petali iliyopenywa na jua, ikikuzwa kwenye kompyuta, mama aliiona. Wiki iliyopita tu alifuata mishipa ya petali kwa kidole, akicheka peke yake.

Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kazini, Kinyume alimfungulia picha ya jana. Ua la zambarau, kila kinyweleo cha shina kikiwaka.

"Haya mama, mzigo wako huo."

Mama akasogeza pua hadi ikakaribia kugusa kioo. "Ongeza mwanga, mwanangu."

Akaongeza.

"Bado. Mbona leo una uchoyo?"

Akaongeza hadi pakawa hapana pa kuongeza. Ua likamezwa na weupe, uso wa mama ukang'aa kwa mwanga wa kioo, na macho yale bado yanatafutatafuta.

"Hii kompyuta yako imechoka," mama akasema. "Nipeleke nikayaone maua yenyewe."

Akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Akamketisha kwenye kigoda palepale anapolala yeye akipiga: maua mbele, jua nyuma ya maua. Lilikuwa limechomoza zima, lakini halijapata joto, na upepo ulikuwa wa baridi. Kinyume ilimbidi akinge macho kwa kiganja.

Mama alilikodolea macho bila kupepesa.

"Tumewahi mno," akasema, akijiweka sawa kwenye kigoda. "Tusubiri kupambazuke."

Kinyume alishusha kiganja machoni. Akavua sweta lake, akamfunika mama mabega, akachuchumaa kando yake.

"Sawa, mama," akasema. "Tusubiri."