Kengele ya Duka la Friji

Duka lilikuwa la friji na televisheni, lakini kilichouzwa hasa pale ni kadi za mkopo. Kila mteja akijaza fomu, meneja aligonga kengele ya shaba na wauzaji wote wakapiga makofi. Hakuna aliyesababisha igongwe mara nyingi kuliko Bingwa. Jina hilo alibandikwa na wenzake, naye alilipenda, maana alikuwa na maneno huyo, acha tu.

Wasichojua wenzake ni kwamba Bingwa mwenyewe alikuwa hoi. Kadi ya kwanza aliichukua kwa ajili ya ada ya mdogo wake, ya pili ili alipie ya kwanza, na ya tatu, tuseme ukweli, viatu vilikuwemo. Sasa zote zilikuwa zimefungwa na benki kwa kutolipwa. Asubuhi ile mwenye nyumba alimwonyesha kufuli jipya. Kodi isipopatikana jioni, Bingwa analala nje. Bonasi ya meneja ingemwokoa, ila ilitaka kengele moja zaidi kabla ya kufunga duka.

Kutwa nzima wateja walimkwepa. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Jioni ndipo akaingia mdogo wake, Kitinda, shati limenyooshwa pasi, uso umejaa furaha.

"Dada, nimelipwa. Mshahara wangu wa kwanza."

Bingwa alimkumbatia, na kwa moyo wote. Lakini kabla hajamwachia, mdomo ulishaanza kazi yake.

"Sasa wewe ni mtu mzima. Mtu mzima hatembei bila kadi."

"Si ni deni hilo?"

"Deni ni la wasiojipanga. Hii ni hela yako mwenyewe, unaitumia tu kabla haijafika."

"Wewe unayo?"

Akatoa mojawapo ya zile zilizofungwa, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kitinda aliitazama kwa imani ile ile aliyokuwa nayo utotoni, dada alipomfundisha hesabu. Bingwa alijichukia. Angeweza kunyamaza hapo hapo. Akampa kalamu.

Kengele ikalia. Wauzaji wakapiga makofi, na Kitinda naye akapiga, akicheka kwa haya. Kisha akatoa bahasha mfukoni.

"Nilikuja kukugawia nusu, Dada, kwa yote uliyonifanyia."

Nusu ingetosha kodi, na chenji ingebaki. Fomu ilikuwa bado mezani. Kuichana lilikuwa jambo la kunyoosha mkono tu.

"Lakini chukua zote," Kitinda akasema, akimkunjia vidole juu ya bahasha. "Mwezi huu mimi nitaishi kwa kadi."

Meneja akaja, akaichukua fomu, akaondoka nayo. Bingwa alimtazama mpaka mlango wa ofisi ukafungwa.

"Hongera, na karibu sana," alimwambia mdogo wake, kwa sauti ile ile anayoitumia kwa wateja.