Pointi Ishirini na Moja, Divisheni ya Pili

Mke wangu alifia hospitali ya misheni ya Kaplong mwezi wa Agosti, akaniachia watoto wanne. Wakubwa wawili walikuwa kidato cha nne, kila mmoja shule yake ya bweni: Mosoti, na dada yake Nyatichi anayemfuata. Mosoti alikuwa amerudia darasa la saba, ndiyo maana walikuwa wanafanya mtihani mwaka mmoja. Wengine wawili walikuwa wadogo, na kitinda mimba, Nyambeki, alikuwa bado ananyonya.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya zamu kiwanda cha chai, kwenye mashine za kukausha majani. Mama yangu alikuja kutusaidia lakini macho yake yalikuwa yamekwisha. Na chai yetu shambani haingoji mtu. Usipoichuna kwa wakati majani yanakomaa, ukifika kituo cha kununulia majani karani anayamwaga chini. Kwa hiyo baada ya mazishi, kabla hawajarudi shuleni, niliwaita hao wakubwa jikoni nikawaambia kwamba mwaka ujao mmoja atabaki nyumbani.

"Nani?" Mosoti akauliza.

"Mwenye pointi nyingi atabaki. Mwenye chache ataenda Fomu Faivu."

Hayo ndiyo niliyoyajua. Kila somo linapewa namba, moja ikiwa ya juu kabisa na tisa ni kuanguka. Wanachukua masomo sita uliyofanya vizuri, wanajumlisha, na jumla ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini hiyo niliielewa. Niliona ni kitu kama mizani, ambayo haiangalii uso wa mtu.

Walisema sawa. Hakuna aliyebishana. Siku zile nyumbani kwetu hakuna aliyebishana juu ya kitu chochote. Tulikula kilichokuwepo, tukalala.

Matokeo yalipotoka, Mosoti ndiye aliyetangulia kwenda kuyachukua. Alirudi mbio, akaanza kupiga kelele akiwa bado barabarani. Divisheni ya Kwanza, pointi ishirini na tatu. Jirani yangu Kipkosgei alitoka kukamua akiwa na ndoo mkononi, akamshika mkono. "Sasa wewe ni mkubwa wetu," akamwambia. "Ukipita hapa na gari usinirushie tope."

Kesho yake Nyatichi akarudi, pole pole. Divisheni ya Pili, pointi ishirini na moja.

Niliweka karatasi zao mbili mezani. Nilidhani kuna mtu amekosea. Nikazichukua nikaenda kwa Mwalimu Chelimo, anayefundisha shule ya karibu. Nilimkuta anang'oa magugu kwenye kabichi zake.

"Hawajakosea, mzee," alisema baada ya kuzisoma. "Huyu msichana wako ana mbili kwenye hesabu na mbili kwenye Kiswahili. Vitu vizuri sana. Lakini Kiingereza ana saba. Saba ni kupita tu, si krediti; krediti inaishia sita. Na bila krediti ya Kiingereza hupewi Divisheni ya Kwanza, hata kama pointi zako ni chache namna gani."

"Kwa hiyo nani amemshinda mwenzake?"

"Inategemea unauliza nini. Kwa pointi, msichana. Kwa divisheni, mvulana. Wanaochagua wa Fomu Faivu huwa wanaanza na divisheni."

"Huyu msichana ataitwa?"

"Anaweza. Wasichana wa hesabu kama huyu hawako wengi."

Wakaitwa wote wawili. Barua zao zilikuja wiki ile ile. Hapo ndipo Kebaso, kaka wa marehemu mke wangu, alipofika, Jumapili baada ya kanisa, na suti yake. Alikaa, akapewa chai, akauliza Mosoti anaondoka lini.

"Mosoti haondoki," nikasema. "Anaenda Nyatichi."

Akacheka. Alipoona sicheki akaweka kikombe chini.

"Shemeji, Divisheni ya Kwanza ikachune majani?"

"Nilisema pointi."

"Ulisema pointi kwa sababu hukujua kuna divisheni!"

"Ndiyo. Sikujua."

"Sasa umejua, si ubadilishe?"

"Nikibadilisha baada ya kuona matokeo, hiyo si hesabu tena. Hiyo ni mimi nimechagua."

"Basi chagua! Wewe ni baba au ni karani? Huyu msichana ataolewa, na hiyo elimu aipeleke kwa watu. Dada yangu angekuwa hai..."

"Hayuko," nikasema.

Kipkosgei, aliyekuwa amekuja kuleta maziwa, alisimama mlangoni akijaribu kuwapunguzia watu hasira. "Mwacheni mzee. Chai yake sasa itachunwa kwa Kiingereza cha krediti. Kituoni watampa bei ya Wazungu." Hakuna aliyecheka. Aliweka maziwa, akaenda zake.

Mosoti alikuwa amesimama karibu na ukuta, na Nyambeki begani. "Baba," akasema, "ungesema divisheni tangu mwanzo, mimi ningejua nimeshinda."

"Na mimi ningejua nisome Kiingereza," Nyatichi akasema. Kisha akainama. "Baba, mwache aende yeye. Mimi nitabaki na watoto."

"Hukuulizwa."

Watu walinieleza baadaye kwamba nilikuwa mkali, na wengine kwamba nilikuwa mtu wa haki. Mimi sikuona kama ni ukali wala haki. Nilikuwa nimepima mara moja, na sikuwa na nguvu ya kupima tena. Kebaso aliondoka bila kumaliza chai.

Nyatichi alikwenda shule yake Jumatatu. Mosoti ndiye aliyembebea sanduku hadi barabarani. Sijui waliongea nini. Aliporudi alibadilisha nguo, akachemsha uji wa mtoto.

Shule aliyoitwa Mosoti ilikuwa inafungua siku iliyofuata. Siku hiyo nilikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi tulichuna pamoja, yeye mstari wake, mimi wangu. Nyambeki alikuwa amelala juu ya gunia pembeni. Mosoti anachuna haraka kuliko mimi, kwa hiyo alikuwa mbele, na niliona mgongo wake tu. Jua lilipopanda alisimama bila kugeuka.

"Baba, saa hii kule shuleni watakuwa wamefika kwa jina langu?"

"Sijui."

"Wanaita kwa alfabeti. M iko katikati."

Alisubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza.

"Wameshapita," akasema, akaendelea kuchuna.