Mvua ya Dakika ya Tano

Mchezo huo niliutunga likizo ya Agosti mwaka 2001, katika chumba cha kompyuta cha chuo kidogo cha biashara mjini Machakos. Nilikuwa nafundisha kupiga chapa. Wanafunzi walichoka kunakili barua za kuomba kazi, nami nilichoka kuwasikiliza wakiguna. Kwa hiyo nikaandika programu, kama nilivyofundishwa nilipofanya diploma.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kwenye skrini kuna mlima na mtu mmoja mwenye jembe. Ukiandika neno sawasawa, anachimba mtaro hatua moja. Dakika ya tano mvua inanyesha. Kama mtaro haujafika mwisho, udongo wote unateremka mtoni na mchezo umekwisha.

Kwa wiki tatu nilikuwa na yule mtu tu. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yetu, Wendy, alikuwa anasoma Eldoret na alipiga simu kila Jumapili, dakika mbili. Chakula cha mchana nilikula mbele ya kompyuta. Kazi ilikuwa inaenda.

Shida ni kwamba hakuna aliyeishinda mvua. Wanafunzi waliporudi walijaribu wote wakashindwa. Nikaisogeza mvua hadi dakika ya kumi, wakaanza kusinzia. Nikairudisha. Mkuu wa chuo, Bwana Aloys, akaja akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mchezo usioshindika ni adhabu. Ijumaa nisipoona mtu ameshinda, ninafuta. Turudi kwa barua."

Alhamisi mchana Kalondu, aliyekuwa akisafisha vyumba vyetu, aliegemea fagio akimtazama yule mtu akifunikwa na tope.

"Mama Wendy, huyu amekosana na watu?"

"Nani?"

"Huyu wako. Analima mlima mzima peke yake. Kwani kwao hakuna mwethya?"

Mwethya naujua: majirani kulimiana kwa zamu. Nimezaliwa Kangundo. Mama yangu hakuwahi kuchimba mtaro bila wanawake ishirini na nyimbo zao; leo kwake, kesho kwa mwingine. Wiki tatu nzima sikumkumbuka hata mmoja wao.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Niambie wanakujaje."

"Wanakuja tu. Wakiona umeanza."

Nikaandika hivyo. Ukipata maneno kumi, watu wanne wanaingia kutoka pembeni, majembe mabegani, na kila neno linachimba hatua tano. Mtaro ukiisha, wanarudi makwao.

Ijumaa Kalondu alimwambia Bwana Aloys asimame nyuma yake aone. Aliandika kwa kidole kimoja, akiitukana kila herufi iliyojificha. Mvua ikanyesha. Udongo ukabaki mlimani.

"Hata Kalondu!" Bwana Aloys alicheka mpaka akavua miwani.

"Hata Kalondu nini?" akajibiwa. "Wewe njoo ujaribu."

Bwana Aloys alikubali mchezo uwekwe kwenye mashine zote. Walipoondoka nilibaki kunakili kwenye disketi, nikaucheza mara ya mwisho. Mtaro uliisha. Wale wanne wakageuka, wakatoka mmoja mmoja, na yule wangu akabaki amesimama na jembe lake. Hakuna kilichobaki cha kufanya kwenye skrini ile.

Kisha nikaifungua programu, nikaifuta mistari sita ya kuwarudisha makwao.

Jumatatu Bwana Aloys aliuliza mbona wale watu hawaendi.

"Ni hitilafu," nikasema. "Nitarekebisha."

Sikurekebisha.